Amana na Zawadi: Juu ya Hesabu za Majengo ya Umma

Neno hesabu katika Kiswahili limekaa nyumba mbili. Ya kwanza ni ya dukani na sokoni, penye daftari, kalamu na mizani. Ya pili ni ile inayotajwa kwa sauti ya chini, Siku ya Hesabu, ambapo mja haulizwi tu alikuwa na mali kiasi gani, bali aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania lina kamati mbili zilizolibeba neno hilo katika majina yao: Kamati ya Hesabu za Serikali, na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa. Waliozipa kamati hizo majina, hapana shaka, waliifikiria nyumba ya kwanza. Lakini lugha haimwachii mtu achukue nusu ya neno. Anayeitwa kuhesabu fedha zilizogeuka kuta, madawati na kumbi za umma ameitwa pia katika nyumba ya pili, ajue asijue. Na hapo ndipo linapozuka suali: hesabu hiyo yawezekana vipi, pale mali yenyewe inapoitwa zawadi?

Suali hili lingeweza kuulizwa Unguja, Lamu au Mombasa. Linafaa zaidi kuulizwa Bariadi, mbali na bahari, katika nchi ya Ntuzu, kwa sababu huko mambo yameonekana wazi kuliko kwingine. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012, ukamegwa kutoka Shinyanga, na wilaya ya Busega ikatoka upande wa Mwanza. Una wilaya tano, nazo ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na makao yake makuu ni mji wa Bariadi. Wenyeji wengi ni Wasukuma. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, yenye mvua za wasiwasi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu huko watu wapatao milioni 1.6, ile ya mwaka 2022 ikakuta wamepita milioni 2. Mwenye kujua kuhesabu ataona mara moja maana yake kwa shule. Kila mwaka watoto wanaobisha hodi ni wengi kuliko wa mwaka uliopita, na milango ya kubishwa haiongezeki kwa mwendo huo huo.

Kuna jambo jingine linaloipa Bariadi haki ya kutajwa. John Momose Cheyo wa chama cha UDP, mbunge wa Bariadi Mashariki, ndiye aliyeongoza Kamati ya Hesabu za Serikali katika Bunge lililoanza kazi mwishoni mwa mwaka 2005. Watu walikuwa wamembandika jina la Bwana Mapesa, kwa ahadi zake za kuwajaza wananchi fedha mifukoni. Na maisha, ambayo hupenda mzaha, yakamkabidhi Bwana Mapesa daftari la kukagulia mapesa ya Serikali. Miaka michache baadaye Bunge likaunda Kamati ya Bajeti, na katika mwaka 2013 na 2014 mwenyekiti wake alikuwa Andrew Chenge, mbunge wa Bariadi Magharibi. Yaani katika muda usiozidi miaka kumi, jicho la Bunge linalotazama fedha baada ya kutumika na jicho linalozitazama kabla ya kutoka yalishikwa na wawakilishi wa Bariadi. Wala hakuna anayeweza kusema kwamba kwa sababu hiyo watoto wa Bariadi walikaa kwa nafasi darasani. Basi ugonjwa, kama upo, hauponywi kwa kuwa na mtu wetu katika kamati.

Mtu wa pwani akisikia neno boma huona ngome, mawe na mizinga. Mtu wa bara wa zama za Mjerumani na Mwingereza aliposikia boma aliiona ofisi ya mkuu wa wilaya, pahala pa kuitwa na kutozwa kodi. Leo, katika hotuba za wabunge na taarifa za halmashauri, maboma ni kuta za madarasa zilizosimamishwa kwa nguvu za wananchi zikafika kwenye lenta, zikingoja Serikali iezeke. Neno limeshuka kutoka ngome hadi ukuta usio na paa, na ndani ya safari hiyo mna historia nzima ya elimu ya nchi. Wanakijiji huchimba msingi, husomba mchanga na mawe, wanawake hubeba maji kwa ndoo, kila kaya hutoa mchango wake. Serikali kwa upande wake huahidi bati, saruji ya sakafu, milango na fundi wa kumalizia. Wahenga walisema ahadi ni deni. Kwa msemo huo, kila boma lililosimama mvua tatu bila ya paa ni hati ya deni iliyoandikwa kwa tofali badala ya wino. Mchwa na mvua huifuta kidogo kidogo.

Utaratibu huu haukuanza jana. Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, lilijengwa juu ya mikono ya wanavijiji. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa, ulitia fedha nyingi, lakini haukuwaondolea wananchi mchanga na mawe. Tangu Januari 2016 Serikali ikatangaza elimumsingi bila malipo, hadi kidato cha nne. Kila tangazo la namna hiyo lilikuwa jema, na kila moja lilileta watoto wengi mlangoni kabla ya ukuta kukauka.

Kisha ukaja mwaka 2021. Tarehe 10 Oktoba, Serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3, fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa kwa ajili ya janga la UVIKO-19. Sehemu yake ilikusudiwa kujenga madarasa 15,000 nchini: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi vya shule za msingi. Kila darasa lilipangiwa shilingi milioni 20. Anayezidisha atapata shilingi bilioni 300. Fedha zilipelekwa hadi shuleni. Walimu na wanakijiji wakaunda kamati, moja ya manunuzi, moja ya mapokezi, moja ya ujenzi, na mwalimu wa hesabati akajikuta anahesabu mifuko ya saruji na kutia saini ya nondo. Madarasa yalisimama kwa kasi ambayo haikuzoeleka, na wanafunzi wa kidato cha kwanza wa Januari 2022 wakaingia wote kwa mara moja, bila ya kungojeshwa awamu ya pili kama ilivyokuwa ada. Hili lilikuwa jambo kubwa, na asiyelikiri hatendi haki.

Lakini pamoja na madarasa ilikuja lugha. Fedha zile zikaitwa za pochi la mama. Hotuba baada ya hotuba, bungeni na vijijini, zikafunguliwa kwa kumshukuru Mheshimiwa Rais kwa kutuletea madarasa. Si jambo la awamu hii peke yake, maana awamu zilizopita nazo zilikuwa na majina yao ya kusifia. Hapa pana suala la maadili, wala si la adabu tu. Zawadi ina sheria zake, na sheria ya kwanza ya zawadi ni kwamba haikaguliwi. Aliyeletewa kanga hapimi urefu wake mbele ya aliyemletea. Mwenye kupewa ngamia hamtazami meno. Ukiisha kukubali kwamba darasa ni zawadi, umekubali kwamba kuuliza mifuko mingapi ilibaki ni utovu wa shukrani.

Amana ni kinyume chake. Amana ni mali ya mtu iliyowekwa kwa mwingine, na mwekewa hashukuriwi kwa kuirejesha, bali hulaumiwa akiipunguza. Anayeila si bahili, ni khaini. Watu wa visiwani na mwambao wanaijua sheria hii kwa wakfu. Mtu alitenga minazi au nyumba, mapato yake yaendeshe chuo au msikiti, akamteua msimamizi. Na msimamizi huyo, hata angekuwa mcha Mungu wa namna gani, alipaswa kutoa hesabu. Zanzibar hadi leo ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na jina lake limeziweka kauli mbili hizo pamoja kwa makusudi. Hakuna mwanafunzi wa chuo aliyefundishwa kumshukuru msimamizi wa wakfu kwa minazi ya marehemu.

Fedha ya Serikali ni ya upande gani? Mkopo ule wa 2021 utalipwa na kodi, na kodi hiyo italipwa, pamoja na wengine, na mkulima wa pamba wa Itilima na mtoto wake anayesoma katika darasa lenyewe. Mtoto amekopewa darasa atakalolilipia akishakuwa mtu mzima. Kumfundisha ashukuru kwa alichokopewa bila ya kuulizwa ni kumfundisha kosa la kwanza la uraia wake.

Atainuka mtu na kusema kwamba shukrani ni tabia njema, na kwamba taifa la watu wasioshukuru ni taifa la manung'uniko. Maneno hayo yana uzito. Kiongozi aliyekuwa na hiari ya kununua ndege au kujenga kasri, akachagua madarasa, amechagua vyema, na uchaguzi mwema wastahiki sifa. Walakini kinachosifiwa hapo ni busara ya kuchagua, si ukarimu wa kutoa. Na busara haiogopi daftari. Aliyechagua vyema ndiye wa kwanza kufaidika na ukaguzi, kwa kuwa ukaguzi ndio utakaotenganisha busara yake na wizi wa mtu wa tano chini yake. Wahenga waliposema mali bila daftari hupotea bila habari hawakuwa wakimshuku mwenye mali. Walikuwa wakimlinda.

Sasa na atazamwe mbunge, kwa maana yeye ndiye aliyepewa daftari. Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 63, imeliweka Bunge kuwa chombo kikuu cha kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Ni maneno mazito. Lakini Ibara ya 90 ya Katiba hiyo hiyo inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kuipitisha bajeti. Msimamizi wa wakfu angeambiwa kwamba akikataa hesabu ya mpangaji atafukuzwa yeye, hesabu zingekwenda vipi? Kumebaki silaha ndogo, iliyopewa jina zuri kuliko nguvu yake: kushika shilingi. Mbunge asiyeridhika hupendekeza ipunguzwe shilingi moja katika mshahara wa waziri, waziri asimame atoe maelezo. Na aghalabu, maelezo yakishatolewa, shilingi hurudishwa kwa heshima. Ni tamthiliya, lakini tamthiliya ya kweli, kwa kuwa kwa dakika kumi nchi husikia jina la kijiji ambacho ramani imekisahau.

Zaidi ya hayo, mbunge huyo huyo ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake, na kwa sheria ya mwaka 2009 ndiye mwenyekiti wa kamati ya mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo, mfuko unaonunua bati na saruji za maboma. Basi amechanga, amepitisha, amejenga, amezindua, kisha anaambiwa akague. Hata kadhi mwadilifu hujitoa katika kesi ya nduguye. Yaweza kujibiwa kwamba kamati ina wajumbe wengi na jimbo lake ni moja tu. Ni kweli. Lakini wajumbe wengi hao wote wamevaa kofia za aina moja, na kila mmoja anajua kwamba jicho kali analolitupia mwenzake leo litamrudia kesho.

Labda ndiyo maana neno moja la mkaguzi liliweza kuitikisa nyumba nzima. Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, aliulizwa na redio ya Umoja wa Mataifa kwa nini mambo anayoyaandika hayafanyiwi kazi. Akajibu kwamba huo, kwa maoni yake, ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 Spika, marehemu Job Ndugai, akamwita mbele ya kamati ya maadili; na tarehe 2 Aprili mwaka huo Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Profesa alieleza kwamba udhaifu na upungufu ni istilahi za kila siku katika ukaguzi, na alikuwa mkweli: taarifa yoyote ya ukaguzi imejaa udhaifu wa hiki na udhaifu wa kile, bila ya mtu kukunja uso. Mwenye kufasiri lugha hulijua jambo hili kwa machungu yake. Neno likiwa ndani ya jedwali ni istilahi. Likitoka nje ya jedwali likamgusa mtu, huwa tusi. Udhaifu wa boma la Meatu ulikuwa ukisomwa bungeni kila mwaka, na haukumuudhi yeyote.

Mwishoni mwa Disemba 2021, Ndugai huyo huyo, akiwa katika mkusanyiko wa Wagogo wa kikundi cha utamaduni huko Dodoma, alihoji hadharani ukopaji wa Serikali, akauliza kama nchi haitafika siku ya kupigwa mnada. Akalaumiwa, akaomba radhi, na tarehe 6 Januari 2022 akajiuzulu uspika. Kila mtu ana hukumu yake juu ya siasa za siku zile. Linalohusu hapa ni pahala tu. Mtu aliyekuwa amekalia kiti kikubwa kuliko vyote vya kuhojia matumizi ya umma hakulitolea suali lake kitini. Alilitolea ngomani.

Na ngoma ndiyo inayourudisha mjadala Simiyu. Wasukuma wana vyama viwili vikuu vya wachezaji, Bagika na Bagalu, vinavyoshindana tangu karne ya kumi na tisa. Katika mbina, baada ya mavuno, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, yakielekeana, kila moja na mwimbaji wake, na watu huwa huru kwenda watakako. Aliyewavuta wengi ndiye mshindi. Ukaguzi wenyewe hufanywa kwa miguu, tena wakati jambo linatendeka: ngoma ikipooza upande huu, mtu hahitaji taarifa, hugeuka akaenda ule. Linganisha na mwendo wa Bunge. Hesabu za mwaka wa fedha wa 2021/22 zilifungwa tarehe 30 Juni 2022. Taarifa ya mkaguzi ilifika kwa Rais mwisho wa Machi 2023, ikawekwa mezani bungeni Aprili, na taarifa za kamati za hesabu zikajadiliwa Novemba. Msichana aliyeingia kidato cha kwanza katika darasa jipya Januari 2022 alikuwa anamaliza kidato cha pili wabunge walipofika kwenye ukurasa wake. Kama sakafu ilichimbika, alikwisha kuikalia. Hesabu ya namna hiyo ina manufaa yake kwa atakayefuata. Kwake yeye ni rambirambi.

Imekuwa desturi kuzitaja elimu na utamaduni kwa pumzi moja, lakini ndani ya vitabu vya bajeti ni ndugu wasiolishwa sawa. Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962, alipokuwa tu Rais, akiamini kwamba nchi bila utamaduni wake haina roho. Tangu hapo fungu hilo limekuwa miongoni mwa mafungu madogo, likihamishwa kutoka wizara hii hadi ile kama mtoto wa kambo. Nyumba inayojulikana zaidi ya utamaduni wa Wasukuma ni makumbusho ya Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, yenye banda lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Hayakujengwa na Serikali. Yalianzishwa na padri mmisionari, David Clement, pamoja na Wasukuma wenyewe. Si jambo la kawaida mbunge kushika shilingi kwa ajili ya uwanja wa mbina.

Wala haifai kukimbilia kudai kwamba kila mkoa ujengewe jumba. Watu wa Unguja wanajua jumba laweza kuwa nini. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu kubwa tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katikati ya matengenezo yaliyofadhiliwa na Oman, na mafundi wawili wakafa. Fedha ilikuwepo, mfadhili alikuwepo, nia njema ilikuwepo. Mbina haihitaji paa. Inahitaji ardhi, na ardhi hiyo mara nyingi ni uwanja wa shule, kwa kuwa ndio uwazi pekee ambao haujalimwa pamba. Darasa likijengwa katikati ya uwanja huo, daftari litaonyesha ongezeko la darasa moja, na litakuwa limesema kweli. Hasara ya uwanja haitaonekana popote, maana uwanja haukuwahi kuandikwa. Kinachokaguliwa ni kile kilichonunuliwa. Kile kilichokuwepo bure hakina fungu.

Ndivyo ilivyo kwa ndoo za maji vilevile. Mradi unapoombewa fedha, nguvu za wananchi hutajwa na kuthaminiwa kwa shilingi, ili mzigo wa Serikali uonekane umepungua. Jengo likishakwisha na mkaguzi akifika, hukagua hati za malipo, stakabadhi za saruji na mikataba ya mafundi. Mchanga uliosombwa hauna stakabadhi. Kwa hiyo boma likiporomoka kwa sababu bati lilikawia, taarifa husema fedha kadhaa hazikutumika kwa wakati, na hapo hasara huishia. Siku za kazi za watu mia mbili, waliotoka shambani msimu wa palizi, hazimo. Zilihesabiwa zilipokuwa zinamfaa mwenye kuomba. Zilipomfaa mwenye kudai hazikuhesabiwa.

Sheria inataka kila kijiji kisomewe mapato na matumizi yake katika mkutano mkuu wa kijiji, kila baada ya miezi mitatu. Pale hakuna Ibara ya 90, wala anayeuliza hahitaji kushika shilingi ya mtu. Hapo ndipo pahala ambapo safu moja ingeweza kuongezwa kwenye daftari bila ya kungoja Dodoma: nani alileta nini, ndoo ngapi, siku ngapi, na Serikali iliahidi bati lini. Daftari hilo lingepelekwa kwa mkaguzi pamoja na stakabadhi za saruji, naye angelazimika ama kulikubali ama kueleza kwa maandishi kwa nini hakulikubali. Na ikifika zamu ya mgeni rasmi kukata utepe na kuanza kushukuriwa, karani wa kijiji angekuwa na kitu cha kumsomea.